Fukwe Tatu Kabla ya Saa Tisa

Bandarini alikofanya kazi miaka thelathini na moja, wachache walilijua jina lake. Walimwita Mama Fungua. Alikuwa mkaguzi wa forodha, na neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko salamu. Hakulisema kwa ukali. Alilisema polepole, mikono ameiweka juu ya meza, akimtazama mtu usoni wala si begini, kwa sababu begi halijui kubabaika. Abiria aliyeongea sana alifungua. Aliyenyamaza kupita kiasi alifungua pia.

Kustaafu alistaafu, lakini macho yake hayakupata barua. Ndiyo maana asubuhi ile, meli ya kitalii ilipofunga kamba kwenye kisiwa cha tatu cha safari yao, alikuwa hajatoka hata kitandani na tayari alishaona mambo manne.

La kwanza, mdogo wake alikuwa ameamka kabla yake. Huyu mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, tangu utoto wao alikuwa mtu wa kuamshwa kwa kumwagiwa maji. La pili, alikuwa amevaa viatu vya kufunika, siku waliyopanga kwenda kukanyaga mchanga. La tatu, alikuwa anafunga zipu ya begi lake taratibu mno, jino baada ya jino, kama asiyetaka isikike. Na la nne, alipoliinua lile begi alilibeba kana kwamba halina kitu. Mama Fungua aliijua hiyo namna. Mwenye mzigo mzito wa halali huguna, hulalamika, huuhamisha bega hili kwenda lile. Mwenye mzigo mzito anaotaka uuone mwepesi hutabasamu.

Mdogo wake alikuwa anatabasamu.

"Umeamka, Dada."

"Nimeamka. Basi la meli linaondoka saa ngapi?"

"Basi la nini? Watu arobaini nyuma ya mwenye kibendera, dakika kumi hapa, dakika kumi pale. Tuzunguke wenyewe. Kisiwa kina fukwe nzuri, tutachagua."

"Nani kakwambia ni nzuri?"

"Nimesoma."

"Wewe? Usome?"

Mdogo wake akacheka, akageukia kioo kujifunga kitambaa. Hakuna alichowahi kusoma mpaka mwisho isipokuwa vipimo vya viuno vya watu.

Hata tiketi zenyewe zilikuwa na maswali yake. Mdogo wake aliishonea kampuni ya meli mapazia ya ukumbi wa chakula, na kwa shukrani wakampa nafasi mbili kwenye chumba chenye dirisha. Hilo lilieleweka. Ambalo halikueleweka ni kwamba njia zilikuwa nne, na mdogo wake, mtu anayeweza kusimama dukani saa nzima akichagua kifungo, aliichagua hii papo hapo.

Kipaza sauti kilitangaza kwamba ngazi ya meli ingepandishwa saa tisa alasiri, na asiyekuwemo angeachwa. Saa mbili na nusu walikuwa nje ya geti la bandari. Madereva wa teksi walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na picha yake ya bahari kwenye kadi iliyokunjamana. Mdogo wake akawapita wote kama mtu anayepita vyungu sokoni. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari la mwisho, la kijani lililopauka, ambalo mwenyewe alikuwa amekaa juu ya boneti akitafuna kucha. Mwanamume mnene, shati lake limekosa kifungo cha pili.

"Nyinyi ni wawili?" dereva akauliza.

"Wawili," mdogo wake akajibu haraka.

Mama Fungua akabaki amesimama. Dereva anayetafuta abiria huuliza mnakwenda wapi. Haulizi nyinyi ni wangapi, tena kwa sauti ya mtu anayehakikisha alichoambiwa.

Akaingia, akakaa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo angeweza kumwona kwenye kioo bila yeye kumwona vizuri. Namba ya gari alikwisha kuishika kichwani.

"Tuanze na ufukwe mkubwa?" dereva akasema. "Kuna muda. Fundi alisema kabla ya saa sita hatakuwa—"

Akajikohoza.

"Fundi gani?" Mama Fungua akauliza.

"Mimi, Dada," mdogo wake akadakia. "Mimi si fundi? Nilimpigia jana kutoka melini, nikamwambia kabla ya saa sita nisingetaka jua kali."

Kioo kilimwonyesha Mama Fungua jasho juu ya mdomo wa dereva, na bado lilikuwa jua la asubuhi.

Ufukwe wa kwanza ulikuwa mweupe na mpana, umepangwa viti vya kulalia mistari kwa mistari kama wodi ya hospitali. Nusu ya meli ilikuwa imeshahamia pale. Muziki uligonga kifuani. Mama Fungua alivua viatu, akatia miguu majini, na kwa dakika chache alisahau kazi yake ya zamani, maana maji yalikuwa baridi ya kupendeza na mchanga ulimtekenya nyayo. Alipogeuka, mdogo wake alikuwa palepale alipomwacha, juu kwenye nyasi, begi begani, viatu miguuni.

"Huingii?"

"Nakuja. Dada, nilikuwa nataka kukwambia..." Akatazama simu. Akatazama bahari. "Pana kelele hapa. Twende kwingine."

"Ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba pana kelele."

Ufukwe wa pili ulikuwa mwendo wa nusu saa, barabara inapanda na kushuka kati ya mawe. Hapakuwa na mtu. Bendera nyekundu ilikuwa imechomekwa kwenye mti uliopinda, mawimbi yalikuja kwa hasira yakipasuka juu ya majabali, na ukanda wa mchanga ulijaa mwani uliooza. Hata mbwa asingechagua kukaa pale. Lakini mdogo wake alisema panapendeza, akatandika kitambaa, akakaa. Baada ya muda akainuka, akasema anakwenda kumuuliza dereva jambo.

Begi akaliacha.

Mama Fungua alilitazama lile begi. Alijiambia kwamba ni begi la mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Huku akijiambia hivyo, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye zipu.

Juu kulikuwa na taulo, kavu, halijakunjuliwa tangu kutoka melini. Chini yake mashati mawili ya kiume, mapya, mikono mirefu kupita kawaida, na mishono ile ya mdogo wake isiyofanana na ya mtu mwingine. Chini kabisa kifurushi cha ukubwa wa tofali, kimezungushiwa karatasi ya kukatia nguo, juu yake utepe wa gundi, raundi nyingi mpaka hakuna pembe iliyoonekana. Akakipima kwa mkono. Akakitikisa karibu na sikio. Akakinusa.

"Umemaliza kukagua?"

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake. Upepo ulikuwa umefunika hatua zake.

Mama Fungua hakushtuka, wala hakukirudisha kifurushi. "Hiki ni nini?"

"Vyuma vya mashine."

"Mashine gani? Cherehani?"

"Ya boti."

"Na mashati ya nani?"

"Utaona, Dada. Nipe nusu saa tu."

"Sikupi hata dakika. Unapeleka kifurushi kwa mtu nisiyemjua, kwenye nchi ya watu, na mimi umenifanya kifuniko. Nani atamtilia shaka mtu anayetembea na mkaguzi mstaafu? Sasa nisikilize. Turudi getini, ukitoe mwenyewe mbele ya walinzi. Usipokitoa, nitasema mimi."

"Najua utasema," mdogo wake akajibu kwa sauti ya chini. "Ulishasema ya mwanao."

Wimbi lilipasuka, likarudi, likaja jingine.

Miaka tisa hakuna aliyewahi kumtamkia neno hilo usoni. Mwanawe wa pekee, akiwa na miaka ishirini na minne, alishuka kwenye meli ya abiria na begi jeusi, akapanga foleni kwenye meza ya mama yake. Ndani ya soksi mlikuwa na chupa ndogo ndogo za dawa zilizoibwa hospitalini. Alisema begi alipewa na rafiki, hakujua kilichomo. Mama yake aliita polisi, akaandika ripoti kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Mahakama ikampa kijana miaka miwili. Alipotoka hakurudi nyumbani, na jina lake likawa kama chumba kilichofungwa ambacho kila mtu anapita mlangoni pake kwa kunyata.

"Yuko hapa?" Mama Fungua akauliza.

"Yuko hapa. Anatengeneza mashine za boti. Hivyo ni vipuri alivyonituma, huku havipatikani. Asubuhi yuko majini na wageni, anarudi saa sita. Nilitaka kukwambia kule kwenye viti, nikashindwa. Nikaja kukwambia hapa, nikashindwa."

"Anajua nakuja?"

"Anajua nakuja mimi."

"Umejua alipo tangu lini?"

Mdogo wake akainama kukusanya mashati. "Miaka saba."

"Miaka saba unakula kwangu kila Jumapili."

"Aliniapisha, Dada. Na wewe hukuwahi kuuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilichoma. Mama Fungua hakukubali kwenda wala hakukataa. Alitembea hadi garini, akakaa palepale nyuma ya dereva, kifurushi mapajani.

Njiani, shaka haikumwacha. Ilibadilisha kiti tu. Kisiwa. Boti. Vifurushi vinavyoletwa na ndugu wasioulizwa maswali. Utepe wa gundi raundi nyingi. Ni mkaguzi gani angeambiwa habari kama hiyo akaenda kulala? Aliitazama kila kona ya barabara akitafuta nyumba iliyo kubwa kuliko kazi ya mwenyewe, gari jipya mno, mtu anayesimama bila sababu. Aliona kuku, nguo zimeanikwa, mwanamke anafagia ngazi. Hakuridhika.

Ufukwe wa tatu ulikuwa mdogo, umejikunja kama ukucha. Mchanga wake ulikuwa wa kahawia. Boti sita za plastiki ngumu zilikuwa zimepinduliwa matumbo juu, na mwisho kabisa palikuwa na banda la mabati. Mbele ya banda, pipa la maji, na mashine ya boti imebanwa ukingoni mwake, panga lake la chini likizungusha maji yakawa povu. Mwanamume mrefu, mwembamba, mafuta hadi viwikoni, alikuwa ameinama akiisikiliza ile mashine kama daktari.

Alimwona mama yake mdogo kwanza. Akazima mashine, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja akicheka. "Shikamoo, mamdogo."

"Marahaba, baba."

Kisha akamwona aliye nyuma. Kicheko kikamkauka. Hakumtazama usoni, alimtazama juu ya bega, barabarani, garini, kwenye miti, kisha akarudi.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Wawili tu," mdogo mtu akasema.

"Una hakika?"

"Mwanangu," Mama Fungua akasema.

"Mama." Akalitamka kama mtu anayejibu jina lake darasani. Akakiona kifurushi mikononi mwake. "Naona kimeshapita kwenye meza yako."

"Sijakifungua."

Akaingia bandani, akatoka na kisu kifupi, akampa upande wa mpini. "Fungua, basi."

Mdogo mtu akaguna, akasema jamani, hakuna haja. Mwanamke mwingine angekikataa kile kisu, akalia, akasema amekuja kama mama na si kama askari. Mama Fungua alijijua. Asingeweza kukaa kwenye mchanga ule hata dakika tano bila kujua. Akapiga magoti, akakata utepe, raundi moja baada ya nyingine, akakunjua karatasi. Kulikuwa na pampu ndogo ya maji, feni mbili za mpira za kusukuma maji ndani yake, plagi nne na pete za kuzuia mafuta yasivuje. Akavigeuza kimoja kimoja. Akachungulia hata ndani ya pampu.

"Hakuna kitu," akasema.

"Ulitarajia kitu."

"Nilitarajia."

Kijana akacheka, kicheko kimoja kikavu, akakaa juu ya tumbo la boti. "Angalau husemi uongo."

Mdogo mtu akajua kuna mahali watu watatu ni wengi. Akasema anakwenda kumpelekea dereva maji, akaondoka, akakaa huko.

Wakabaki wawili na harufu ya petroli. Mama Fungua alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Aliona mengi bila kutaka: kovu jipya kwenye kidole gumba, nywele zinazorudi nyuma mapema kama za baba yake marehemu, pete ya ndoa imening'inizwa kwenye msumari mlangoni, ili isiharibiwe na mafuta.

"Nikwambie jambo ambalo mamdogo halijui," kijana akasema akiokota plagi. "Miaka yote hii ananiamini. Anasema niliponzwa na rafiki. Sikuponzwa. Nilijua kilichokuwemo."

"Najua ulijua."

"Ulijuaje?"

"Ulilibeba kama jepesi."

Akatikisa kichwa. "Na wewe ulijua ni mimi, kabla sijafika mezani. Meza zilikuwa tatu."

"Nilikuona ukiwa bado kwenye ngazi ya meli. Ningeweza kumwita mwenzangu ashike nafasi yangu. Sikumwita. Nilidhani ukiniona utageuka, utalitupa baharini, utafanya lolote. Hukugeuka."

"Nilidhani kwako nitapita."

Maji ndani ya pipa yalikuwa yametulia, rangi za mafuta zikielea juu.

"Sikukulaumu kwa kulifungua," kijana akasema. "Watu wanafikiri ni hilo. Nilikulaumu kwa mahakamani. Siku ya hukumu niligeuka kila mlango ulipolia. Alikuja mamdogo, akaja jirani, akaja hata mwalimu wangu wa hesabu. Wewe hukuja."

"Nilikuja."

"Mama, usianze."

"Nilikuja. Sikuingia ndani. Nilisimama nyuma, upande wa uani, magari ya wafungwa yanapotokea. Nilikuwepo mpaka mlipoondoka."

Kijana alimtazama sasa kwa mara ya kwanza, sawasawa, macho yamebana. Mama Fungua aliyatambua yale macho. Yalikuwa yake mwenyewe, yale ya nyuma ya meza.

"Gari lilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Bluu. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imevunjika, wameifunika kwa karatasi nyekundu ya plastiki. Mlango ulikataa kufunga mara ya kwanza, askari akaubamiza tena. Ulipanda wa tatu. Mbele yako alikuwa mtu mfupi anachechemea, na wewe ulimshika mkono apande. Shati lako lilikuwa limetoka nyuma, kola imekaa upande. Nilitaka kuja kuiweka vizuri. Nilikuwa na sare mwilini. Nikaogopa kwamba nikikufikia nitakuomba msamaha mbele ya askari kwa kufanya kazi yangu, na nikiomba msamaha huo sitaweza tena kukaa kwenye ile meza. Basi nikabaki ukutani."

Kijana aligeuza ile plagi kwenye vidole, akaigeuza tena.

"Yule mfupi," akasema baadaye, "alikuwa ameumia goti."

"Niliona."

"Hakuna mwingine aliyejua habari ya mlango ule."

Akainuka, akaenda kwenye pipa, akainamia mashine muda mrefu kuliko ilivyohitaji, mgongo kwa mama yake. Mama Fungua hakumfuata. Alikuwa amejifunza kwa miaka mingi kumpa mtu nafasi apange uso wake kabla hajageuka.

Walikaa mpaka saa nane kasoro robo. Hawakukumbatiana. Kijana alimwonyesha jinsi ya kutoa feni iliyoliwa na mchanga na kuweka mpya, na mama akauliza maswali mengi kuliko ilivyostahili feni. Mdogo mtu alirudi, mashati yakajaribiwa, mikono ikafika ilipopaswa kufika. Dereva akapiga honi mara mbili. Ikajulikana kwamba yeye ni jirani wa kijana, na kwamba jasho lile la asubuhi lilitokana na kuambiwa na mdogo mtu kwa simu asiseme neno mbele ya mgeni wa pili, akashindwa dakika ya kwanza.

"Niandikie namba yako," Mama Fungua akasema.

"Mamdogo anayo."

"Nataka niliyopewa mimi."

Akaiandika kwa kalamu ya seremala, kwenye kipande cha ile karatasi ya kukatia nguo. Alikiangalia alichoandika kabla ya kumpa, kama anayefikiria kufuta tarakimu moja. Hakuifuta.

"Mke wako anafanya kazi gani?" mama akauliza.

"Nani kakwambia nina mke?"

"Pete mlangoni."

"Mkunga," akasema, na safari hii tabasamu lilimponyoka.

Walifika melini saa tisa kasoro dakika kumi. Mama Fungua hakumsemesha mdogo wake mpaka kisiwa kilipobaki mstari. Walikuwa wamekaa chumbani, kila mtu kitandani kwake, wamepeana migongo.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua, Dada."

"Miaka saba. Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Mdogo wake akageuka, akaanza.

Siku mbili baadaye, kwenye bandari nyingine, wakati mdogo wake amekwenda sokoni kuangalia vitambaa, Mama Fungua alitafuta kivuli karibu na maghala, akavaa miwani, akapiga ile namba. Mara ya kwanza haikupokewa. Mara ya pili haikupokewa. Mara ya tatu ilipokewa na sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu asiyependa kupotezewa muda.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mama yake mwenye simu."

"Mama yake? Aliniambia mama yake hapigi simu. Namba umeitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe."

"Lini?"

"Juzi, saa nane kasoro robo mchana. Kwenye banda."

"Alikuwa amevaa nini?"

Mama Fungua akaegemea ukuta wa ghala, akahamishia simu sikio la pili, akaanza kujibu, swali moja baada ya jingine, kwa utulivu, bila kumharakisha.